JIBU: Type 59 ya 1/35 bado inafanana na toi, nifanyeje ibebe mizigo na ichakae?

Mkuu, swali lako kwa ufupi: modeli ya plastiki ya kifaru cha Type 59, kwa kipimo cha 1/35 (ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi), umemaliza kuiunganisha, umepuliza kijani na kubandika stika za namba, lakini bado inafanana na toi la dukani. Unataka ibebe mizigo na ichakae kama iliyofanya kazi, uko Dodoma, na vichupa vya nje vya kuchafulia modeli vinataka kuzidi bei ya kifaru chenyewe. Vichupa hivyo weka kando. Karibu kila kitu kipo duka la vifaa vya ujenzi, duka la vifaa vya shule na jikoni. Ila kuna jambo hukulitaja: kifaru kiko wapi, na ni mwezi gani?

Hilo ndilo linaloamua kazi nzima. Kikiwa kifaru cha vita vya Kagera, kumbuka Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na Machi hadi Mei ni masika ukanda ule wa Ziwa Victoria. Hapo unatengeneza tope bichi na turubai zilizolowa. Kikiwa cha mazoezi huku kati mwezi wa Agosti, miezi imeshapita bila tone la mvua: ni vumbi, na tope lililobaki kwenye pembe ni la zamani, limekauka na kupauka. Wengi wanaweka vyote kwa pamoja, michirizi ya mvua, vumbi jeupe, tope jeusi na kutu ya rangi ya chungwa, kifaru kikaonekana kimepita mikoa minne kwa siku moja. Chagua kimoja, halafu kila doa unaloweka liweze kujibu limetoka wapi. Nachukulia ni kiangazi cha Dodoma. Masika nitayagusa panapohusika.

Tuanze na mizigo. Type 59 ni kifaru cha Kisovieti T-54A kilichoundwa China, kwa hiyo mpangilio wake unajulikana: dereva mbele kushoto, injini nyuma, ekzosi kwenye madigadi ya kushoto nyuma, matangi bapa ya mafuta kwenye madigadi ya kulia. Mizigo inafuata hapo. Usilaze turubai juu ya nyavu za kupitishia hewa ya injini. Hakuna kamanda atakayeruhusu injini ichemke kwa ajili ya blanketi. Usifunge begi mbele ya ekzosi, litaungua. Mfuniko wa dereva ufunguke, na mnara (sehemu ya juu yenye mzinga) uzunguke duara zima bila kugonga kitu. Kabla ya kugundisha chochote, kishikize kwa gamu ya kubandikia mabango, zungusha mnara taratibu, uone kinachokwama. Pa kufungia ni vyuma vya kushikilia vilivyo ubavuni na nyuma ya mnara, pamoja na sehemu tupu za madigadi.

Vipimo vinasaidia kuliko macho. Mita moja kwa 1/35 ni milimita 28.6. Dumu la chuma la lita 20 lina kimo cha takriban sentimita 47, kwa hiyo kwako ni milimita 13 na nusu. Mkanda wa turubai wa sentimita 4 unakuwa milimita 1.1. Turubai lililokunjwa kwa urefu wa mita moja na nusu ni milimita 43. Ukikisia kwa macho, mikanda hutoka minene kama mbao, na hapo ndipo jicho la mtazamaji hung'amua toi kabla hata ya rangi.

Turubai la kuviringisha tengeneza kwa epoksi ya udongo, ile ya kuzibia mabomba yanayovuja. Kanda sehemu mbili sawa kwa sawa mpaka mistari ya rangi ipotee kabisa, maana isipochanganyika haikauki. Nyunyiza poda ya mtoto juu ya kioo, sukuma kwa chupa mpaka ifike karibu nusu milimita, kata kipande cha milimita 43 kwa 60, halafu subiri ianze kukakamaa kidogo. Ukiviringisha mapema itachanika na kunata, ukichelewa itapasuka. Muda wa kila aina umeandikwa kwenye pakiti, na kwa joto la mchana la huku upunguze. Poda isizidi, la sivyo mikunjo haishikani.

Turubai la kutandaza juu ya masanduku, epoksi inakuwa nene mno. Tumia tishu: tenganisha tabaka zake ubaki na moja, iloweshe kwa gundi nyeupe ya maseremala, sehemu moja kwa mbili za maji, uilaze na uivute mikunjo kwa kijiti cha meno ikiwa bado mbichi.

Sasa jambo ambalo picha nyingi zinakosea: uzito. Furushi haliketi juu ya chuma kama tofali. Epoksi ikiwa bado laini, libonyeze pale pale litakapokaa ili tumbo lake lichukue umbo la chuma, kisha likandamize kwa uzi pale mkanda utakapopita, upate bonde dogo kila upande wa mkanda. Ncha zinazotokeza nje ya madigadi ziinamishe chini kidogo. Mikanda kata kwenye tepu ya karatasi ya mafundi rangi kwa wembe mpya na rula ya chuma. Bizimu za mikanda pinda kwa waya mwembamba wa shaba kutoka kwenye kebo mbovu ya chaji. Kamba ni uzi wa kushonea uliosokotwa mara mbili. Upitishe kwenye mshumaa kwanza, la sivyo manyoya yake yanasimama na kila unywele unaonekana mnene kama kidole.

Gogo la kujinasulia matopeni linafungwa nyuma. Hapa Dodoma tuna bahati: vijiti vikavu vya mzabibu vinavyobaki shambani baada ya kupogoa vina gamba lililochanika kwa urefu, na kwa kipenyo cha milimita 6 au 7 kinafanana na gogo halisi kuliko kijiti chochote cha plastiki. Kikaushe vizuri kwanza. Madumu ya plastiki ya njano yaache kama kifaru ni cha 1979, weka ya chuma.

Paka mizigo rangi kabla ya kuigundisha, na usirudie kijani cha kifaru. Turubai moja la kijani kilichopauka, jingine la kaki, blanketi la kijivu. Pale utakapogundisha kwaruza rangi kidogo, kwani supaglu juu ya rangi hushika rangi tu, na mzigo ukiguswa unang'oka nayo.

Kabla ya uchafu, puliza vanishi ya kung'aa, tabaka jepesi mara mbili au tatu. Ukilowesha kwa mkupuo stika zitajikunja. Sababu ya kung'aa ni kwamba mchanganyiko mwembamba wa rangi hukimbilia wenyewe kwenye mifereji na kuzunguka bolti kama uso ni laini. Juu ya rangi isiyong'aa unanyonywa pale pale na kuacha doa. Puliza asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, kutoka sentimita 20 hivi. Mchana wa hewa kavu rangi hukauka ikiwa bado angani, inatua kama mchanga, na kutoka hapo ni msasa tu. Ukimaliza, kifunike kwa ndoo iliyogeuzwa. Acha siku mbili.

Rangi ya mafuta ya wachoraji, ya tyubu, kahawia iliyokolea na nyeusi kidogo: ikamue juu ya kipande cha boksi na uiache saa moja, boksi linyonye mafuta ya ziada. Ukiruka hatua hii, madoa yanabaki yaking'aa. Kisha sehemu moja ya rangi kwa nane za tapentaini, gusa kwa ncha ya brashi namba sifuri kila bolti, kila bawaba, kila kiungo. Baada ya nusu saa futa kilichozidi kwa brashi yenye unyevu kidogo wa tapentaini, ukivuta kuelekea chini. Wapo wanaoshauri mafuta ya taa badala ya tapentaini. Yanayeyusha rangi, kweli, lakini yanaacha utando usiokauka upesi, na vumbi lako likitua hapo linakuwa grisi. Thina ya magari ndiyo usiisogeze kabisa, inakula rangi na plastiki yenyewe. Hata tapentaini usiimwagie kwenye mikono ya magurudumu: plastiki iliyogundishwa ikiwa imejikaza hupasuka ikilowa, na utaligundua gurudumu likishalala pembeni.

Mikwaruzo iwe michache. Chovya kipande cha sifongo cha godoro kwenye kijani kilichopauka, kigonge kwenye karatasi mpaka kibaki na rangi kidogo sana, kisha gusa kingo za mifuniko, pembe za madigadi na njia ambayo askari hupandia. Ndani ya michache iliyo mikubwa weka nukta ya kahawia nyeusi. Nukta ya milimita moja ni sentimita tatu na nusu za rangi iliyong'oka, kwa hiyo ukiona nukta zako kwa urahisi kutoka umbali wa mkono mmoja, ni kubwa mno. Kutu ya chungwa iende kwenye ekzosi na mabati membamba basi. Mnara wa chuma kinene hautapata kutu ya namna hiyo kwenye ukavu wa huku. Chuma kinachometa ni kile kinachosuguliwa kila siku: meno ya gurudumu la nyuma linalovuta mnyororo, uso wa mnyororo unaogusa ardhi, vishikizo vya mifuniko. Hapo sugua penseli ya 4B iliyosagwa. Rangi ya fedha inaonekana kama bati.

Sasa gundisha mizigo, kisha puliza vanishi isiyong'aa juu ya vyote. Vumbi ni la mwisho, likiangukia kifaru na mzigo kwa pamoja. Mzigo msafi juu ya kifaru kichafu ndio unaosaliti modeli nyingi.

Udongo wetu mwekundu wa kichanga unafaa, ila si kama ulivyo. Chembe ya nusu milimita ni kokoto ya sentimita moja na nusu na zaidi kwa 1/35. Ukaange kwenye sufuria kuukuu dakika 20 ufe wadudu na unyevu, utwange, uchuje kwa stokingi iliyokunjwa mara mbili, uchukue ule unaotoka kama poda. Changanya vijiko viwili vya chai na kimoja cha chaki iliyosagwa, maana kwenye kitu kidogo rangi halisi huonekana imekolea kupita kiasi. Upake mkavu kwa brashi kwenye pembe, juu ya madigadi, kwenye mikunjo ya turubai, na zaidi nyuma ya kifaru, ambako vumbi la minyororo linarudi. Kisha gusisha tone la tapentaini pembeni yake, lisambae lenyewe. Likilowa linakuwa jeusi; usiongeze kitu mpaka likauke, kwani hupauka tena na ndipo utaona kiasi halisi. Pale miguu na makalio ya askari hupita, futa kwa kidole. Kwenye mifuniko ya matangi ya mafuta weka doa dogo la rangi ya mafuta nyeusi isiyokamuliwa kwenye boksi, ling'ae juu ya vumbi.

Kama unachagua masika, chota udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata kwenye viatu, uchuje vile vile, uchanganye na gundi nyeupe, maji na tone la sabuni ili usijikusanye. Ujaze chini ya tumbo na katikati ya magurudumu, si ubavuni kwa usawa. Tope lililokauka la jana liwe na chaki zaidi, la leo liguse vanishi ya kung'aa.

Baada ya vumbi usipulize vanishi tena, litamezwa lote na utaanza upya. Kwa hiyo kabla ya kuweka vumbi kigundishe kifaru kwenye kipande cha ubao, ukikihamisha unashika ubao. Ukimaliza, tuwekee picha ya upande wa kushoto nyuma, kwenye ekzosi, tuone masizi umeyaweka wapi.