Mtoto amepitwa na chanjo na kitabu cha kliniki kimepotea

Mama, pole. Nimekuelewa: unafua nguo za watu Eastleigh, Nairobi, mtoto ana miezi 11, alichanjwa mwisho akiwa na wiki 10, kitabu kimepotea, na unaogopa kugombezwa na muuguzi.

Kwanza, haanzi upya. Dozi alizopata zinahesabiwa. Ataendelea na za wiki 14, na pia surua na rubela ya miezi 9. Vituo vya serikali huchanja bure.

Rudi kituo kilekile wakutafutie kwenye rejista. Taja tarehe ya kuzaliwa. Wakikupa kitabu kipya, kipige picha kwa simu papo hapo.

Kabla hujapoteza siku ya kibarua, uliza wanachanja surua siku gani. Nilirudishwa mara mbili, mtoto mgongoni, jua la saa sita, ndipo nikaelezwa: chupa moja ya chanjo ya surua ina dozi 10, na ikishachanganywa haikai zaidi ya saa 6. Basi wauguzi wengine husubiri watoto wawe wengi ndipo waifungue. Mhudumu wa afya ya jamii mtaani kwenu anaweza kukuulizia siku hiyo.

Kuhusu kugombezwa, najua linavyouma. Sema mapema, "Nimechelewa, nimekuja tuendelee." Akizidi kukufokea, omba kuonana na msimamizi, lakini usiondoke kabla mtoto hajachanjwa.

Mafua madogo hayazuii chanjo. Joto kidogo baadaye ni kawaida. Akipata degedege, akipumua kwa shida au akilegea, mkimbize hospitali, hata usiku.