Kwa nini kiraka cha lami hung'oka mvua ikinyesha?

SWALI: Shimo moja kwenye barabara ya kuingia mtaani kwetu Embakasi, Nairobi, limezibwa mara tatu tangu mvua za vuli, na kila mvua ikinyesha kiraka kinang'oka. Kwenye barabara kuu, nako, nimeona mafundi wakifanya kazi usiku, wakikata mraba mkubwa kuliko shimo, hata lami isiyo na ubovu wakaing'oa. Halafu wakakaa siku mbili wakizoa matope mtaroni badala ya kuendelea na mashimo. Je, huko si kupoteza lami na wakati? (Msomaji, Embakasi)

JIBU: La, ndugu msomaji. Wale wa usiku walikuwa wakifanya kazi inavyotakiwa, na siku mbili za mtaroni huenda ndizo zilizokuwa na faida kubwa kuliko zote.

Lami ni kama paa. Uzito wa magari hubebwa na tabaka la kokoto lililo chini yake, na lami huzuia maji yasilifikie. Ikipata ufa, maji hupenya. Gurudumu la basi likipita juu, maji hayo hubanwa, hukosa pa kwenda, na hufoka kupitia ufa yakiwa yamebeba vumbi laini lililokuwa limeshikanisha kokoto. Ile michirizi ya tope unayoiona kando ya nyufa baada ya mvua ndiyo hiyo. Kokoto zikishalegea, lami hubaki bila kitu cha kuiegemeza na hukatika vipande. Kwa hiyo shimo unaloliona huwa dogo kuliko eneo lililooza chini yake.

Ndiyo sababu ya kukata mraba. Fundi hupiga mstari sentimita 15 hadi 30 nje ya ukingo wa shimo, mpaka afikie lami ambayo haina nyufa. Kuta hukatwa wima. Shimo likiachwa na umbo la bakuli, kiraka huwa chembamba pembeni, kokoto za pembeni huvunjika kwa uzito wa magurudumu, na maji hupata mlango mpya. Kisha huchimbwa hadi chini pakavu na pagumu. Kokoto zilizolowa hutolewa, mpya huwekwa na kushindiliwa kwa tabaka nyembamba, sentimita 10 hivi kila moja kama mashine ni ile ndogo ya kusukumwa kwa mkono. Kujaza sentimita 30 kwa mkupuo na kushindilia juu tu ni kujidanganya, kwa sababu nguvu ya mashine hiyo haifiki chini.

Baada ya hapo ni ufagio na kompresa ya hewa. Ukituuliza ni nani hasa anayeamua kama kiraka kitadumu, tutamtaja mwenye ufagio, maana lami haishiki vumbi. Kuta na sakafu zikiwa safi hupakwa lami ya maji, emalsheni ile mafundi wanayoiita K1-60, kiasi cha lita 0.3 hadi 0.5 kwa mita moja ya mraba. Ikizidi, kiraka huteleza na jua huipandisha juu. Ikipungua, hakishiki. Tena lazima isubiriwe igeuke kutoka rangi ya kahawia hadi nyeusi, ishara kwamba maji yake yametoka. Kumwaga lami ya moto, ile iliyochanganywa na kokoto, juu ya emalsheni ambayo bado ni ya kahawia ni kuyafungia maji ndani.

Shimo la mita 1 kwa mita 1.2, lenye kina cha sentimita 5, linahitaji karibu kilo 140 za lami ya moto. Humwagwa hadi kimo cha sentimita 6 na nusu hivi kwa sababu rola itaishusha. Husambazwa kwa reki, haitupwi kwa belcha kutoka mbali, la sivyo kokoto kubwa hujitenga na ndogo na kiraka hubaki na vinyweleo. Rola huanza pembeni na kuingia katikati, na kazi huachwa ikiwa juu ya barabara kwa milimita 3 hadi 5, kwani magari yataishindilia zaidi. Maungio hupakwa lami na kunyunyiziwa vumbi la kokoto.

Hapo usiku huleta taabu yake. Kazi hupelekwa usiku kwa sababu ya msongamano wa mchana, lakini lami hutoka kiwandani ikiwa na nyuzijoto 150 hivi, na inatakiwa iwe imeshashindiliwa kabla ya kushuka chini ya 90. Katika baridi ya Julai ya Nairobi, tabaka la sentimita 5 huweza kupoa ndani ya robo saa. Lori likikwama njiani bila turubai, mzigo huo ni wa kurudishwa. Ukiona koni na bendera usiku, tafadhali punguza mwendo mapema: watu hao wanakimbizana na joto la lami huku wamewapa magari mgongo.

Sasa mtaro. Sehemu kubwa ya Embakasi imekaa juu ya udongo mweusi unaonata, ule wajenzi wanaouita blakikotoni. Ukilowa huvimba, ukikauka hupasuka, na barabara iliyo juu yake hupanda na kushuka nao. Mtaro ukiziba, maji hukaa pembeni ya barabara na kuingia chini kwa ubavu, hata kama lami haina ufa. Kiraka kizuri juu ya msingi wenye maji hakina maisha.

Kuzibua nako kuna utaratibu. Mafundi huanzia mwisho wa mtaro, kule chini maji yanakomwagikia, wakirudi juu. Ukianzia juu, tope hushuka na kuziba kule chini. Tope lililozolewa lazima libebwe siku hiyohiyo, kwani likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza hulirudisha. Kalvati, yaani bomba kubwa la kupitisha maji chini ya barabara, ya sentimita 60 iliyojaa mchanga nusu imepoteza nusu ya njia ya maji. Nyasi na udongo uliojijenga pembeni mwa lami hukatwa ili ukingo uwe chini ya barabara, ukiinama sentimita 4 hivi kwa kila mita. Kazi hii inafaa iishe Februari, kabla ya masika, na tena Septemba, kabla ya vuli.

Malori nayo yana mchango. Uharibifu huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito, yaani uzito ukizidishwa kwa wenyewe hadi uwe mara nne: ekseli, ule mhimili wa magurudumu, iliyozidisha uzito kwa asilimia 20 huumiza barabara karibu mara mbili.

Kuhusu shimo lenu, subirini siku mbili baada ya mvua kukoma, kisha mlitazame. Likiwa limekauka, tatizo ni maji ya juu: tafuteni mtaro ulioziba jirani, na mnaporipoti tajeni urefu, upana na kina cha shimo, na ulipo mtaro huo. Likiwa bado linatoa maji ilhali jua limewaka, kuna uwezekano mkubwa wa bomba lililopasuka chini. Hapo waiteni kwanza watu wa maji, kwa kuwa kiraka cha nne kitang'oka kama vile vitatu mpaka bomba lizibwe.