Chili ya kuchovya si mchuzi: dipu ya siku ya Super Bowl

Mwaka wangu wa kwanza hapa Houston, Texas, nilialikwa na wenzangu wa kazini kwenda kutazama Super Bowl, ile fainali ya mpira wa Kimarekani, nikaambiwa nije na dipu. Sikujua hata dipu ni kitu gani; kumbe ni chakula kizito cha kuchovya kwa kripsi. Nikatafuta maelekezo, nikakuta yanataka vijiko vitatu vya chakula vya unga wa chili. Nikajiuliza, chili si ndiyo pilipili? Nikatoa pilipili kavu ya kusaga niliyoletewa kutoka Tanga, nikapima vijiko vitatu vya mlima.

Walionja kwa adabu, kila mtu mara moja, halafu wote wakahamia kwenye mabawa ya kuku. Mmoja alitoka akasimama barazani kwenye baridi ya Februari, mdomo wazi, anajipepea. Wifi yangu, ambaye nilikwenda naye, alinong'ona: "Wifi, hiki ni chakula au ni dawa ya mafua?"

Basi tuanzie hapo. Unga wa chili unaouzwa Marekani si pilipili tupu. Ni mchanganyiko wa pilipili zisizo kali sana, bizari nyembamba, oregano na kitunguu saumu cha unga, mara nyingine na chumvi ndani yake. Kwenye rafu chupa yake hukaa bega kwa bega na ya pilipili tupu, kwa hiyo igeuze usome nyuma. Kama una pilipili ya nyumbani tu, nusu kijiko cha chai inatosha sufuria nzima. Bizari nyembamba na kitunguu saumu utatia mwenyewe. Na pilipili mbuzi iache kwenye friji. Halapenyo, ile ya kijani wanayoipenda hapa, haifiki hata robo ya ukali wake.

Mwaka wa pili nilirekebisha ukali, nikaharibu kwa maji. Nilipika chili yenyewe, yaani nyama ya kusaga iliyopikwa na ule unga, kama ninavyopika mchuzi wa nyama, ilegee vizuri, nikaimimina juu ya jibini na kuingiza kwenye oveni. Ilitoka kama ziwa. Mafuta ya nyama yalipanda juu, jibini ikaelea vipande vipande, na kila kripsi iliyozama ilikatikia humo humo. Mapumziko yalipofika watu walikuwa wanazivua kwa uma.

Tangu hapo kwangu jambo kubwa katika dipu hii ni ukavu. Nachukua ratli moja na nusu ya nyama ya ng'ombe ya kusaga, ile iliyoandikwa mafuta asilimia 10. Naikaanga peke yake bila kutia tone la mafuta, mpaka iache kutoa maji na ianze kulia chwaa na kushika rangi chini ya sufuria. Hapo naiinamisha sufuria, nachota mafuta yaliyojikusanya pembeni. Ndipo kinaingia kitunguu maji kimoja kikubwa, punje nne za kitunguu saumu, vijiko vitatu vya ule unga wa chili, kijiko cha chai cha bizari nyembamba na vijiko viwili vya nyanya ya kopo, ile nzito. Nyanya mbichi usitie kabisa, ni maji matupu. Viungo navikaanga kidogo na nyama kabla ya kumwagia nusu kikombe cha maji, kisha naacha moto mdogo kama dakika arobaini bila kufunika.

Utajuaje imekuwa? Pitisha mwiko katikati, mpaka uguse chini. Njia ikifunga mara moja, bado. Njia ikibaki wazi, ukaiona sufuria huku kingo zikirudi polepole kama mtu mvivu, zima.

Maharage yana ugomvi wake. Texas imeitangaza chili con carne kuwa chakula rasmi cha jimbo tangu 1977, na wenyewe wanashikilia kwamba chili ya kweli haina maharage. Jirani yangu, mzee wa hapa hapa, aliwahi kuchungulia sufuria yangu akasema kwa upole, "Binti, maharage yako yananukia vizuri," na neno chili hakulitamka. Mimi natia hivyo hivyo. Kopo moja la maharage mekundu, nayachuja na kuyasuuza, nusu nayaponda kwa mgongo wa kijiko. Yale yaliyopondwa yananyonya maji yaliyobaki na kuishika nyama pamoja. Kwenye bakuli la supu mzee ana haki yake, ila kwenye dipu mimi nina yangu.

Chili ipike Jumamosi. Ikilala kwenye friji inakaza, na mafuta uliyoyakosa yanaganda juu, unayakwangua tu.

Sasa tabaka. Natumia treya ya kioo ya sentimita 33 kwa 23, ili watu waone kilichomo. Chini kabisa ni jibini laini ya kupaka, vipande viwili vya gramu 227 kila kimoja. Itoe kwenye friji saa moja kabla. Ikiwa baridi haipakiki, inachimbika. Hiyo ndiyo sakafu, ipake mpaka kwenye kona. Juu yake chili. Juu ya chili jibini ya cheddar uliyokwaruza mwenyewe, kama gramu 300. Iliyokwaruzwa tayari kwenye mfuko hupakwa wanga au kitu kama hicho isigandamane, ndiyo maana ikiyeyuka inakuwa na chengachenga. (Nyumbani tunaiita chizi, na mama yangu hachoki kuuliza kwenye simu kama chizi wa Marekani naye anauzwa kwa kilo.)

Oveni nyuzi 350 za Farenhaiti, ambazo ni kama 180 za Selsiasi, dakika 25 hivi, mpaka pembeni pachemke. Itoe, ipumzike dakika kumi. Vitu vya baridi huja hapo mwisho, kabla tu ya kupeleka mezani: krimu chachu, parachichi lililopondwa na ndimu lisigeuke rangi, majani ya vitunguu, kotmiri. Nimeona watu wakivitia oveni pamoja na vingine. Parachichi la moto lina uchungu fulani, sitaki hata kulikumbuka.

Kama kuna Waislamu kati ya wageni, na kwangu hawakosekani, soma makopo yote. Nyama nunua duka la halali. Maharage yaliyopondwa ya Kimeksiko yanayouzwa tayari, mengi yana mafuta ya nguruwe, nayo huandikwa kwa neno moja dogo, "lard", katikati ya orodha. Baadhi ya krimu chachu zina jelatini, ambayo nayo huweza kutoka kwa nguruwe. Usingoje mtu akuulize mezani huku ameshashika kripsi.

Kripsi zenyewe ziwe za mahindi, nene, zile zilizojikunja kama kijiko. Nyembamba zinavunjika hata dipu ikiwa imeiva vizuri.

Halafu kuna saa. Mpira huu unaanza saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa za huku, ambapo Tanga ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Saa ya uwanjani inahesabu dakika 60 tu, lakini kwa matangazo, mapumziko marefu na muziki, utakaa zaidi ya saa tatu. Chakula cha nyama na maziwa hakitakiwi kukaa nje zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo nagawa vitu vyote kwenye treya mbili ndogo: moja inatoka mpira unapoanza, ya pili inaingia oveni dakika chache kabla ya mapumziko. Ile ya pili ndiyo huisha kwanza, maana wale waliokuja kwa ajili ya muziki wanakuwa wameamka kwenye makochi.

Kikibaki chochote, kirudishe friji usiku huo huo. Asubuhi nakipasha kwenye kikaango, nakitandaza juu ya chapati, nakunja. Mwaka jana mume wangu alibeba mbili kazini na kurudi na oda ya tano.