Kabla hujatoa baia kwa shehe wa twarika

Twarika ni njia ya kisufi yenye shehe wake, na baia ni ahadi ya kumfuata shehe huyo. Ukiuliza kama usufi, yaani njia ya kuitakasa nafsi kwa dhikri na malezi ya shehe, ni Uislamu au si Uislamu, utajibiwa na makundi mawili yanayogombana, nawe utabaki pale pale. Uliza jambo mojamoja: uradi huu (dhikri za kupangiwa kila siku) asili yake nini, dua hii anaombwa nani, shehe huyu ibada zake zikoje.

Msingi hauna ugomvi. Katika hadithi ya Jibrili iliyomo katika Sahihi ya Muslim, Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu Uislamu, imani na ihsani, na ihsani ni kumwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba unamwona. Hapo ndipo masufi wanapojiegemeza. Junayd wa Baghdad, sufi wa zama za mwanzo aliyefariki mwaka 910, alifundisha kwamba elimu yao imefungwa na Qurani na Sunna. Abdulqadir Jilani, ambaye twarika ya Qadiriyya inanasibishwa naye, alikuwa wa madhehebu ya fikihi ya Hanbali. Ibn Taymiyya, mwanachuoni anayetajwa sana na wapinzani wa masufi, aliyapinga vikali mengi yanayofanywa makaburini, lakini hao wawili aliwataja kwa heshima.

Sasa chukua uradi. Muridi (mfuasi wa shehe) wa twarika ya Tijaniyya asubuhi na jioni huleta istighfari mara 100, kumswalia Mtume mara 100, na la ilaha illallah mara 100. Istighfari 100 kwa siku ina hadithi kwa Muslim. Tahlili (la ilaha illallah) 100, kwa tamko lake refu, imo kwa Bukhari na Muslim. Kumswalia Mtume kumeamrishwa katika Suratul Ahzab. Maneno, basi, hayana kasoro. Wanavyuoni wanapotofautiana ni kwenye kuufanya uwe wajibu, kuupangia wakati maalumu na kuutajia thawabu ambazo hazimo katika hadithi. Kwa hiyo usiahidi kabla hujasikia masharti yote: katika Tijaniyya uradi ni wa maisha, na huchanganyi na twarika nyingine. Anza na istighfari peke yake baada ya alfajiri, uone kama unaidumisha. Wengi hukwama kwa kubeba nyuradi tatu kwa pamoja. Usiku wanakesha kwenye dhikri, alfajiri inawapita. Hilo ni kosa kubwa, maana hadithi qudsi kwa Bukhari inatanguliza faradhi, kisha ndipo sunna.

Kwa shehe, usiridhike na silsila. Silsila ni mnyororo wa waliopokeana njia hadi kwa Mtume. Ijaza ni idhini ya kufundisha. Na hakuna kati ya hizo inayokwambia tabia yake. Uliza alisoma fikihi kwa nani. Mtazame anavyoswali, anavyolipa madeni, anavyoishi na watu wa nyumbani kwake. Ukisikia amefika daraja ambayo swala imemwondokea, ondoka siku hiyo hiyo. Ondoka pia akidai fedha ili akupokee, au akitaka kukaa faragha na wanawake wasio maharimu wake. Masufi husema muridi awe kama maiti mikononi mwa mwoshaji. Kauli hiyo ni ya kuivunja nafsi ndani ya sharia, na hatiiwi kiumbe katika kumuasi Muumba.

Makaburini sikiliza maneno yenyewe. Kuzuru, kuwatolea salamu na kuwaombea wafu ni sunna. "Ewe Mola, kwa jaha (heshima) ya fulani, nipe mtoto" ni tawasuli, yaani kumwomba Mungu kwa kumtaja mtu, na wanavyuoni wamehitilafiana juu yake. Usimkufurishe mtu kwayo. "Ewe walii, nipe mtoto" ni jambo jingine kabisa: anayeombwa sasa ni maiti. Watu huyatupa yote mawili kapu moja, na ugomvi mwingi huanzia hapo.

Na kama umeshatoa baia, kisha ukaona dosari za wazi, kutoka twarika si kutoka Uislamu. Usikubali kutishwa kwamba utapatwa na balaa. Istighfari na kumswalia Mtume ulikuwa nazo kabla ya shehe, endelea nazo.