Barua kwa mwanangu: Mianzo 14 isiyo na mwisho

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniuliza swali fupi: "Mama, nataka kuandika, nianzie wapi?" Halafu chini kabisa ukaandika lile lililonigusa zaidi, kwamba una daftari lenye mianzo 14 ya hadithi na hakuna hata moja iliyofika mwisho, na kwamba kwa miaka yako 31 unajiona umechelewa.

Kuanza umekwisha kuanza, binti yangu, tena mara 14. Usichowahi kufanya ni kumaliza, na kazi hii hujifunzwa kwa kumaliza. Nimehariri miswada ya watu kwa miaka 22. Wengi niliowaona wakiendelea hawakuwa na lugha tamu kuliko wenzao. Walikuwa wamefika mwisho wa kazi mbovu, wakauona ubovu wake wote kwa pamoja, kisha wakakaa chini kuirudia. Mwanzo wowote hupendeza kwa sababu bado haudaiwi kitu. Ukurasa wa kwanza huweka ahadi, na ahadi hiyo hulipwa kwenye ukurasa wa tisa au wa kumi. Anayeishia ukurasa wa pili kila mara anajizoeza kuahidi tu, na kulipa hakujui.

Kwa hiyo weka riwaya pembeni kwa sasa. Chagua mwanzo mmoja kati ya hiyo 14, uufanye hadithi fupi ya maneno 1,500 hivi, uifikishe mwisho hata kama mwisho wenyewe hukuridhishi. Mimi ningechagua ile ya fundi saa uliyoniambatishia, na nitakuambia kwa nini.

Aya zako mbili za kwanza zinaeleza mapambazuko, ukungu, na mtaa unaoamka. Zimeandikwa kwa bidii, lakini zifute. Hadithi yako inaanza aya ya tatu, pale fundi anapofungua kifuniko cha nyuma cha saa ya mteja na kukuta ndani yake alama ndogo aliyoichora yeye mwenyewe miaka mingi iliyopita, katika saa aliyompa kaka yake aliyepotea. Hapo nilikaa wima. Waandishi wengi wanaoanza hufanya hivi: huandika aya za kupasha mwili joto, kisha huzionea huruma. Ziandike kama zinakusaidia kuingia, ila ukishaingia usimlazimishe msomaji apite njia hiyo ndefu.

Umesema uliachia hapo kwa sababu hukujua kinachofuata. Usisubiri kije chenyewe. Muulize fundi wako anataka nini saa hiyo hiyo, na nini kinamzuia. Anataka kujua kaka yake yuko wapi. Kinachomzuia ni mteja aliyesimama mbele yake, ambaye huenda ni mwizi, huenda ni mjane, huenda aliinunua tu kwa mtu asiyemjua. Umeona? Sasa kuna swali, na hadithi itakwisha swali hilo likijibiwa, au fundi akiamua kwamba hataki tena jibu. Huhitaji ramani ya hadithi nzima. Unahitaji kujua tendo moja linalofuata, halafu jingine.

Na unapoandika, usimweleze msomaji kwamba fundi ameshtuka sana na moyo wake umejaa huzuni. Mwache aangushe parafujo, alitafute sakafuni kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, ili mteja asimwone usoni. Msomaji ataelewa, na atafurahi kwamba hukumwambia.

Kuhusu muda, najua kazi yako inakuchosha. Maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni maneno 1,500 kwa wiki, yaani hadithi yako nzima ya fundi saa. Kwa wiki 50 ni maneno 75,000, na huo ni urefu wa riwaya kamili. Chagua saa moja isiyohamahama, iwe alfajiri au usiku, na simu iwe chumba kingine. Acha kazi ukiwa bado unajua sentensi inayofuata. Kesho utakaa na kuendelea bila kuanza kutafuta upya.

Na hilo la umri liondoe moyoni. Abdulrazak Gurnah alizaliwa 1948 na riwaya yake ya kwanza ikatoka 1987. Tuzo ya Nobel aliipata 2021. Toni Morrison, mwandishi wa Marekani, alizaliwa 1931, riwaya yake ya kwanza ikatoka 1970, akiwa mhariri mwajiriwa na mama anayelea wana wawili peke yake. Unayo miaka.

Ukimaliza rasimu, ifungie wiki mbili. Kisha isome kwa sauti, kwa sababu sikio hukamata kile ambacho jicho hukisamehe. Nitakuambia makosa yako, maana nimekwisha kuyaona. Unapenda mno "aliweza": aliweza kufika, aliweza kuona, aliweza kusikia. Alifika, aliona, alisikia, basi. Unaweka "ghafla" pale ambapo tendo lenyewe tayari ni la ghafla. Na ile "ka" yetu ya masimulizi, akaingia, akavua, akakaa, akatazama, akanyamaza, ni zawadi ya lugha yetu, lakini ikifululiza mara saba inageuka ngoma ya mdundo mmoja. Ikate kwa sentensi fupi ya namna nyingine, au kwa mtu kusema neno. Tahajia na alama za uakifishaji ziache mwisho kabisa. Hakuna haja ya kupiga rangi ukuta utakaoubomoa.

Soma pia, lakini soma kama fundi anayefungua saa ya fundi mwenzake. Chukua hadithi fupi unayoipenda, uinakili ukurasa mmoja kwa mkono, uhesabu ni sentensi ngapi zinapita kabla hujajua kwamba kuna jambo haliko sawa. Zoezi hili limewasaidia waandishi wangu kuliko ushauri wowote niliowahi kuwapa.

Uliuliza kama mtu anaweza kukuibia wazo. Wazo tupu halina mwenyewe kisheria. Kinacholindwa ni maneno uliyoyaandika. Kwa nchi zilizo ndani ya Mkataba wa Berne wa 1886, yaani makubaliano ya kimataifa ya kulinda kazi za waandishi, ulinzi huo unaanza pale unapoandika, bila kusajili popote, na kwa kawaida unadumu angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Kwa hiyo usiifiche kazi yako kwa hofu hiyo. Mpe msomaji mmoja au wawili, si kumi, na usiwaulize kama ni nzuri, kwa sababu wanakupenda na watasema ndiyo. Waulize: "Ulichoka wapi? Ulipotea wapi?" Wakikuonyesha mahali, waamini. Wakikuambia namna ya kuparekebisha, sikiliza kwa heshima, kisha tafuta njia yako.

Ila weka nakala, mwanangu. Mwaka 1957 Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, aliutuma London mswada wa pekee wa riwaya yake Things Fall Apart, ulioandikwa kwa mkono, ili upigwe taipu. Ukatelekezwa huko miezi kadhaa, mpaka mtu aliyefanya naye kazi alipokwenda mwenyewe kuufuatilia. Kitabu kilitoka 1958, lakini kingeweza kupotea kabisa. Wewe una kompyuta na njia nyingi za kuhifadhi. Tumia mbili kila siku unayoandika.

Wachapishaji tutawazungumzia ukiwa na mswada. Kwa leo jua hili tu: mchapishaji wa kawaida humlipa mwandishi mrabaha kutokana na mauzo. Anayekutaka wewe utoe fedha ili akuchapishe anakuuzia huduma, na ni lazima ujue hivyo kabla hujatia saini.

Nitumie fundi saa ikiwa imeisha, hata kama mwisho wake unakutia aibu. Nitaisoma kwa penseli, na sitagusa chochote mpaka nimeisoma yote mara moja. Tangu jana nashindwa kumtoa kichwani yule mzee. Nataka kujua kama anamuuliza mteja saa ameipata wapi, au ananyamaza, anaifunga, na kumwambia arudi kesho.

Mama yako