Maswali yenu ya mazoezi: "mda sina" na mengine

Naishi Mbezi, Dar, ofisi Posta. Natoka home saa 11 alfajiri narudi saa 2 usiku nimechoka kama nilikuwa nabeba zege. Hayo mazoezi nifanye saa ngapi?

Kaka, ukitafuta saa ya mazoezi kwenye hiyo ratiba hutoipata, kwahiyo tuache kuitafuta, tuibie kwenye safari. Si unapanda basi la mwendokasi? Asubuhi usifike nalo mpaka Posta, shuka kituo cha Fire umalizie kwa mguu, ni dakika 20 na kitu kwa mwendo wa mtu anayewahi, yaani ule mwendo ukipigiwa simu unaongea vizuri tu ila ukisema uimbe pumzi inakata. Siku 5 hizo tayari ni dakika 100, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau 150 kwa wiki, sasa hapo umebakiza 50 za Jumamosi. Alaf ile habari ya kwamba lazima ziunganike dakika 10 mfululizo ndo zihesabike waliitoa kwenye mwongozo wao wa 2020, kwahiyo hata zile ngazi za ofisini unazozikwepa zinahesabika. Vaa raba, viatu vya kazi viache chini ya meza, na shati la akiba liwepo kwenye droo maana joto la Januari hapa mjini halina adabu. Jioni sikushauri, jioni nenda Kivukoni kapande gari likiwa tupu, mazoezi yasikukoseshe siti bana.

Nina watoto wawili wadogo, dada wa kazi kaondoka, kutwa nafua na kudeki. Mume wangu anasema hayo tayari ni mazoezi. Ni kweli?

Nusu kweli, mwambie shemeji. Kufua mashuka kwa mkono na kudeki nyumba nzima kama moyo unaenda mbio kunahesabika kabisa, kukaa kwenye mbuzi unakuna nazi hapana. Unachokosa wewe ni mazoezi ya nguvu, yale ya misuli, yanatakiwa siku 2 kwa wiki angalau. Fanya hivi: ukibandika maji ya ugali, chukua madumu mawili ya lita 5 yaliyojaa maji, hizo ni kilo 5 kila mkono, chuchumaa usimame mara 10, weka chini, piga pushapu za ukutani 10, rudia mpaka usikie sufuria inaanza kulia. Mtoto akilia muweke mgongoni mfunge kanga uendelee, uzito umeongezeka bure. (Kama ulijifungua kwa upasuaji na bado mbichi, uliza kwanza kliniki.) Na kama shemeji anaona kudeki ni mazoezi mazuri kiasi hicho, Jumapili mpe tambala na ndoo.

Simu inanidai hatua 10,000 kila siku, nikifika 6,000 naona nimefeli.

Hujafeli. Hiyo 10,000 haikutoka kwa daktari, ilitoka Japani miaka ya 1960 kwenye jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kinauzwa, namba ilikuwa nzuri kwa tangazo basi ikasambaa dunia nzima. Ongeza elfu moja juu ya unazotembea sasa uishi kwa amani.

Wiki nzima sina nafasi, nakimbia Jumamosi tu na klabu yetu ya joging. Inatosha?

Kwa moyo inasaidia, tena sana, wanaolundika dakika zao mwisho wa wiki nao wanapata faida. Shida ni miguu. Mimi nilikaa miezi mitatu bila kukimbia alaf Jumamosi moja nikaunga na watu wa kilomita 10, nikaona aibu kubaki nyuma, kwenye kilima nyama za nyuma ya paja zikakata "pa!" nikarudi home na bodaboda, wiki mbili napanda ngazi kwa mguu mmoja kama kuku aliyefungwa kamba. Kwahiyo katikati ya wiki, hata Jumatano, ruka kamba dakika 10 mwili usisahau. Na ile supu na chapati nne baada ya joging, hiyo tutaongea siku nyingine.

Mimi ni dereva bajaji Mwanza, nakaa kuanzia saa 12 asubuhi mpaka usiku, mgongo unaniuma.

Pole ndugu yangu. Mazoezi yako yako kijiweni, pale mnaposubiri zamu. Ukifika usikae kwenye kiti cha abiria na simu, shuka, shika kiuno ujinyooshe nyuma taratibu mara 10, chuchumaa mara 15, zunguka kijiwe mpaka zamu yako ifike. Wenzako watakucheka siku mbili tatu, zoea. Pochi nayo toa mfuko wa nyuma, unakalia upande mmoja siku nzima bila kujua. Ila kama maumivu yanashuka mpaka mguuni au mguu unakufa ganzi, hapo achana na ushauri wangu, kesho nenda hospitali kabla hujapakia abiria wa kwanza.