Umegonga mbuzi Bunju ukaondoka? Fanya hivi

Pole sana ndugu yangu. Umesema mbuzi alikatiza usiku ukamgonga, watu wakaanza kujaa, ukaogopa ukaondoka, na sasa taa na bampa vimevunjika. Hofu hiyo naielewa kabisa, lakini usikae nayo ndani. Nenda leo kituo cha polisi cha eneo hilo ukatoe taarifa mwenyewe, kabla hujatafutwa. Mwone wakili kwanza ukihisi mambo ni mazito.

Usipeleke gari gereji bado. Kama una bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako, wapigie kampuni ya bima leo. Watataka ripoti ya polisi na kulikagua gari. Bima ndogo, ile inayolipa hasara za wengine tu, haitakulipia gari lako. Chungulia pia chini ya rejeta: ukiona maji yanadondoka, usiwashe injini, livutwe.

Mwenye mbuzi mtafute kupitia mwenyekiti wa mtaa, usiende peke yako. Mkielewana, andikishaneni mbele yake. Nani mwenye kosa, waachie polisi.

Ikitokea tena: simama, washa taa za hazadi, weka pembetatu ya tahadhari, piga 112. Watu wakitaka kukupiga, endesha moja kwa moja hadi kituoni. Mnyama aliyejeruhiwa usimshike, hasa mbwa, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Na ukipita Hifadhi ya Mikumi ukagonga mnyamapori, usishuke kumsogelea wala usichukue nyama. Toa taarifa kwa askari wa hifadhi.